Mlango wa Watu Wawili

Siku ya kuanua matanga ya Brayan, mtu wa kwanza kusimama na kutoa kitu alikuwa baba yake mwenyewe.

Kwa desturi ya ukoo wao, vitu vya marehemu havilali ndani matanga yakishaanuliwa. Vinatolewa nje asubuhi, vinapangwa kwenye mkeka mbele ya ndugu, na kila kitu kinampata mwenyewe. Vya mtu mzima wanapewa watu wazima, vya mtoto wanapewa watoto wa rika lake. Anayetoa husema, "Kimetoka, hakirudi." Anayepokea hujibu, "Kimefika." Imekwisha hapo. Kukidai kitu baada ya maneno hayo ni kumnyima marehemu usingizi wake, na katika ukoo ule hakuna aliyewahi kudai, hata koti.

Vya Brayan havikuwa vingi. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana nini? Sare mbili, masweta matatu, viatu vya shule vilivyokuwa bado vipya kwa sababu siku nyingi alishinda kitandani, begi, na mashine ya gemu na pedi zake mbili za kuchezea. Baba mdogo Gwamaka, aliyeongoza shughuli, alikuwa hata hajamaliza kusali pale Wiliam alipoinama, akaikumbatia ile mashine pamoja na nyaya zake, akavuka mkeka na kuiweka mikononi mwa Tumpe, mtoto wa dada yake Ketrina wa Itumba.

"Kimetoka, hakirudi," alisema, kwa haraka kama mtu anayetua mzigo.

Tumpe alimtazama kwanza mama yake, kisha akapiga goti. "Kimefika, mjomba."

Watu walinong'ona kwamba Wiliam ana moyo. Kitu cha thamani kuliko vyote pale mkekani amekitoa kabla hajaambiwa! Mwenyewe alijua kwamba haukuwa moyo. Alitaka ile mashine itoke mbele ya macho yake, kwa sababu kila alipoiona alisikia sauti ikimwambia, "Baba, dakika mbili tu."

*

Wiliam alikuwa fundi wa maturubai. Pale Tunduma, malori yakipanga foleni ya kuvuka mpaka, turubai lililochanika ni balaa: mvua ikinyesha, mbolea inageuka uji. Madereva walimwita kutoka mbali, "Fundi! Fundi sindano!" naye alipanda juu ya tela na sindano yake ndefu kama kidole na uzi wa nailoni, akashona huku upepo unamvuta. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu kama mizizi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni alikwenda darasa la watu wazima kujifunza Kiingereza, kwa kuwa shule aliishia darasa la nne na alikuwa amechoka kuuliza watu karatasi inasema nini. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Jumanne na Alhamisi palikuwa na maombi. Jumamosi malori yalikuwa mengi kuliko siku zote.

Brayan alizaliwa na seli mundu. Baridi ya huku kwetu haimwonei huruma mtoto wa namna hiyo; akicheza mpira akatoka jasho, upepo ukimpiga, usiku mzima ni kulia viungo vinauma. Daktari alisema mtoto akae ndani, apate kitu cha kumchangamsha. Wiliam akavuka kwenda Nakonde, akanunua kwa Mzambia mmoja mashine ya gemu iliyotumika, na diski moja ndani yake. Alipoifikisha nyumbani na kuona mtoto anavyoruka, alimshukuru Mungu, akaenda darasani. Alidhani kazi yake kwenye jambo lile imekwisha.

Diski ile ilikuwa gemu la watoto, lililotokana na filamu ya katuni ambayo Brayan alikuwa ameshaiona mara nyingi, ile iliyosimuliwa kwa Kiswahili. Mashujaa wake ni wawili. Mmoja mdogo, mwepesi, ameanguka kutoka mbinguni akiwaka moto, na msimuliaji akampa jina Kimondo. Brayan, ambaye alikwenda na shule kuona kile kimondo cha Mbozi na kukigusa kwa mkono wake, aliamini kabisa kwamba filamu inahusu kwao. Shujaa wa pili ni mkubwa, mzito, mtu wa mawe. Huyo aliitwa Jabali.

Halikuwa gemu la kuuana. Mwanzoni Wiliam alisimama mlangoni akichunguza, kwa kuwa vinyago na nguvu za ajabu havimpendezi mzee wa kanisa, lakini hakuona damu wala panga. Shujaa akipigwa hafi. Anakaa chini, anainamisha kichwa, anasubiri. Mwenzake akimfikia na kumgusa begani, anainuka.

"Unaona, baba?" Brayan alimwambia siku hiyo. "Mimi ni Kimondo. Wewe ni Jabali. Nimeshakuandika jina. Shika pedi."

"Nina darasa, mwanangu. Jumamosi."

Jumamosi ikaja na malori yake. Na nyingine. Kwa miaka miwili mtoto alimwomba bila kununa, na kila mara alipunguza muda anaouomba. Kwanza ilikuwa saa moja, kisha nusu saa, kisha dakika kumi. Mwisho kabisa, wiki ile kabla hajalazwa, zilikuwa dakika mbili. Wiliam alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua hata uso.

*

Wiki ya sita baada ya mazishi, siku ya Alhamisi mchana, alikuja Raudha, binti wa Mzee Masudi mwenye duka la vifaa vya magari. Yeye na Brayan walikaa dawati moja. Alimkuta Wiliam uani akinoa sindano, na mkewe Atuganile akichambua maharage.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Raudha. Hujambo?"

"Sijambo." Alitoa daftari lililojaladiwa kwa gazeti. "Nimeleta hili. Ni la Brayan, la Sayansi. Aliniazima kabla hajalazwa, nikaogopa kulileta wakati watu wamejaa."

Atuganile alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea, akalikumbatia bila kulifungua. Raudha alibaki amesimama, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Nyuma kuna mambo ya gemu," alisema. "Si masomo. Msije mkakasirika."

Wiliam alilichukua kwa mkewe taratibu, akafungua kurasa za mwisho. Mwandiko wa mtoto wake ulikuwa mdogo, umebanana, wa mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Kulikuwa na ramani za penseli, mishale, duara. Na ukurasa wa mwisho kabisa:

*Mlango wa mwisho. Kimondo lazima aingie kwenye mwanga kwanza. Atakaa chini. Jabali aje amwinue KABLA mwanga haujafika. Halafu wote wavute. Nimejaribu mara 31 na pedi mbili. Mtu mmoja hawezi. Mwombe baba Jumamosi.*

Wiliam alisoma mara mbili. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Pedi mbili maana yake nini?"

Raudha alimtazama Atuganile, kama anaomba ruhusa. "Alikuwa anacheza na wewe, baba."

"Na mimi?"

"Jabali ni wewe. Ameandikwa jina lako, 'Baba'. Sasa gemu lile halikubali mmoja aende peke yake, wote wawili mpaka wafike. Basi Brayan anaweka pedi yako chini, anacheza ya kwake kidogo, halafu anaiacha anashika yako, anakusogeza. Anarudi kwake. Ukipigwa ukiwa umesimama tu pale, unakaa chini, yeye anarudi nyuma kukuinua. Tulikuwa tunamcheka! Nilimwambia, nipe mimi hiyo pedi nikusaidie, tumalize leo leo. Akakataa. Akasema, 'Hiyo ina mwenyewe.'"

Sindano ilikuwa bado mkononi mwa Wiliam.

"Mpaka sasa yumo?" aliuliza. "Huyo... sisi. Bado tumo humo ndani?"

"Kama hawajafuta. Gemu linasevu, linaweka alama pale ulipoishia. Mtakuwa mmesimama mlangoni."

*

Jioni ile, baada ya maombi, Wiliam alimpigia dada yake simu. Atuganile alikaa karibu yake kitandani, akisikiliza.

"Kaka! Habari za huko? Wifi yangu anaendeleaje?" Ketrina alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza kutoka ng'ambo ya bonde hata akiwa ndani ya nyumba.

"Tunamshukuru Mungu. Na Tumpe?"

"Yuko na gemu lake hapa. Masomo amesahau! Tena Moses, yule fundi wa simu, anakuja Jumamosi saa nne asubuhi kuisafisha mashine. Anasema imejaa, haipokei kitu. Anafuta vyote vya ndani, anamwekea magemu mapya."

Wiliam alifumba macho. "Vyote?"

"Vyote, ianze upya. Kwani vipi?"

Angesema nini? Asifute? Kitu kilichotoka hakina tena baba wala mama wa kukisemea. Kumwambia mtoto wa watu akifanyie nini chake ni kukidai nusu, na nusu ni kama yote. Yeye ndiye aliyekitoa, tena mbele ya ukoo mzima, kabla ya sala kwisha.

"Hakuna," alisema. "Kesho nitakuja kuwasalimia."

"Kesho Ijumaa? Wewe na malori yako? Wewe na darasa lako?"

"Kesho."

"Karibu," alisema Ketrina, lakini sauti ilikuwa imepoa.

Alipokata simu, Atuganile alisema polepole, "Baba Brayan, usije ukamdai."

"Simdai."

"Unakwenda kufanya nini basi?"

Wiliam alifikiri. Miaka kumi na miwili alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja, kwamba mtoto apone, na hakupewa. Tangu mazishi, sala zake zilikuwa maneno tu. Alizitamka kanisani vizuri, akarudi nazo nyumbani vilevile. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuomba, na kilikuwa kidogo mno hata akaona haya kukipeleka. Alipiga magoti pembeni ya kitanda. Atuganile akapiga naye.

"Bwana," alisema Wiliam, "nipe zile dakika mbili."

*

Alifika Itumba Ijumaa mchana kupitia njia panda ya Mpemba, daftari la Sayansi likiwa ndani ya shati lake. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilima. Ketrina alimpokea vizuri, akampa maji ya kunawa, ugali na mboga ya maboga, lakini hakukaa. Alizunguka nyumba akipanga vitu visivyohitaji kupangwa. Mumewe alikuwa Saza kwenye machimbo; nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Tumpe, na Tumpe alikuwa bado shuleni. Sebuleni, juu ya kabati, mashine ilikaa imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Wiliam aliitazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye sahani.

Ketrina aliona.

"Nilijua," alisema. Akaketi sasa, mikono juu ya magoti. "Tangu jana nilijua. Kaka, mimi ni mdogo wako, lakini hili nitakwambia. Kilichotoka kimetoka. Mtoto amekipokea kwa goti. Ukikichukua leo nitamwambia nini? Kwamba mjomba wake hutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine? Na Brayan je? Atalala?"

"Ketrina."

"Kama ni shida, sema shida. Ukitaka mahindi nitakupa. Lakini hiki..."

"Sijaja kukichukua."

"Umefuata nini sasa?"

"Nimekuja kucheza."

Ketrina alimkodolea macho. Kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa kisichotarajiwa cha wakati wao wa utoto. "Wewe? Mzee wa kanisa? Na vidole hivyo? Kaka, hata simu unaibonyeza kama unaua kunguni!"

Wiliam hakucheka. Alitoa daftari ndani ya shati, akalifungua ukurasa wa mwisho, akalisukuma mezani. Ketrina alisoma. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, kicheko kilikuwa kimekwisha, na akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Jumamosi ipi?" aliuliza.

"Zote," alisema Wiliam.

Tumpe aliporudi kutoka shule alielezwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, mkimya, wa kusikiliza zaidi ya kusema. Alisema ndiyo, lile gemu lipo. Aliwahi kulifungua, akakuta majina mawili, *Brayan* na *Baba*, akaogopa, akalifunga. Hajalicheza tena. Alipokwenda kuwasha mashine, umeme ulikuwa umekatika.

Walingoja mpaka jioni, haukurudi. Ketrina alitaka kumpigia Moses asije asubuhi. Wiliam akakataa. "Ni kitu cha Tumpe, na ahadi ni ya Tumpe. Mungu akitaka utarudi." Alisema hivyo kwa mdomo imara. Lakini alilala vibaya, na kila alipogeuka alihisi lile daftari chini ya mto.

*

Umeme ulirudi Jumamosi saa tatu kasoro. Taa ya sebuleni iliwaka yenyewe wakiwa wanakunywa chai, na Wiliam akaweka kikombe chini.

Tumpe alitandika mkeka mbele ya televisheni. Alimpa pedi, akamwelekeza: hiki cha kidole gumba ni cha kutembea, hiki cha kuruka, hiki cha kugusa. Kioo kikajaa rangi. Kulikuwa na mji unaoelea, anga la zambarau, na mlango mrefu uliofungwa. Mbele ya mlango walisimama wawili, mdogo anayewaka na mkubwa wa mawe. Juu ya vichwa vyao yalielea majina.

Kabla ya kuingia, gemu lilionyesha ubao wenye maandishi ya Kiingereza. Tumpe alitaka kuuruka.

"Acha kwanza," alisema Wiliam. "Nisome."

Alisoma kama anavyosoma darasani, kidole kikifuata neno kwa neno. Palikuwa na muda waliotumia. Palikuwa na nyota walizookota. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili, na neno la katikati lilikuwa lile alilofundishwa muhula uliopita, kuinua.

*Brayan amemwinua Baba: mara 214.*

*Baba amemwinua Brayan: mara 0.*

Ketrina, aliyesimama mlangoni na sufuria, aliuliza, "Panasemaje?"

Tumpe ndiye aliyemwambia mama yake kwa sauti ndogo, na Ketrina akaweka sufuria sakafuni na kukaa papo hapo kizingitini.

Mara mia mbili na kumi na nne. Wiliam alijaribu kuiona. Mtoto anaumwa viungo, amekaa kitandani na pedi mbili, moja yake, moja ya mtu aliyekwenda darasani. Anamwacha mtu wa mawe amesimama pale alipo, hana wa kumwendesha. Anapigwa. Anakaa. Na yule mdogo anarudi nyuma, anaacha njia yake, anamgusa begani. Inuka, baba. Twende.

"Nani atakuwa yeye?" Tumpe aliuliza.

"Wewe," alisema Wiliam. "Kama huogopi."

"Siogopi sasa."

Walianza. Mambo yalikwenda vibaya kama ambavyo mtu angetegemea. Jabali aligonga ukuta, akazunguka, akaanguka ukingoni, akarudishwa. Vidole vya Wiliam vilibonyeza viwili kwa mpigo. Kimondo aliingia kwenye mwanga, akakaa chini, akainamisha kichwa, na Jabali akabaki anaruka ruka mahali pamoja wakati mwanga unamfunika mwenzake. Kioo kikawa cheupe. Wakarudishwa mlangoni.

"Usiangalie pedi, mjomba," Tumpe alisema. "Mwangalie yeye."

Mara ya tano. Mara ya tisa. Moses alifika katikati ya hapo, kijana mwenye begi la mgongoni, akabisha hodi, akaonyeshwa kigoda. Mwanzoni alitabasamu kuona mzee mwenye mvi amechuchumaa na pedi. Ketrina akamwonyesha lile daftari bila neno, naye akavua kofia.

"Haiwezekani kulihifadhi gemu lao pembeni?" Ketrina alimnong'oneza.

"Mashine hii ni ya zamani sana, mama. Nikisafisha, vinakwenda vyote."

Mara ya kumi na nne Wiliam aliweka pedi chini. Alifuta viganja kwenye suruali, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo. Halafu akaishika tena, safari hii si kwa kuikaba bali kama anavyoshika sindano juu ya tela wakati wa upepo, kwa ncha za vidole, akiacha mkono ufuate.

Kimondo aliingia kwenye mwanga. Akapigwa, akakaa, akainamisha kichwa.

Jabali akaanza kutembea. Alikwenda taratibu, jinsi alivyo mzito, akapita nguzo ya kwanza, akapita ya pili. Mwanga ulikuwa unakuja kutoka upande wa pili, nao haukuwa na haraka pia. Wiliam hakutazama mwanga. Alimtazama yule mdogo aliyeinama, jina la mwanawe likielea juu ya kichwa chake.

"Nakuja," alisema kwa sauti, na hakujua kama amesema. "Nakuja, nakuja."

Mkono wa mawe ukashuka begani.

Kimondo akainua kichwa, akawaka, akasimama.

"Vuta, mjomba! Vuta sasa!" Tumpe alipiga kelele, yeye ambaye hapigi kelele. Wakavuta wote. Mlango ule mrefu ukafunguka polepole katikati, na mashujaa wawili wakapita bega kwa bega, mkubwa akiinama ili asigonge kichwa.

Ubao ulirudi. Wiliam alisogea mpaka uso wake ukakaribia kioo, akasoma mstari wa chini kwanza.

*Baba amemwinua Brayan: mara 1.*

Alilia hapo mkekani, mbele ya dada yake na fundi asiyemjua, kilio ambacho hakukilia kaburini. Ketrina alikuja akamshika mabega. Tumpe alibaki na pedi mapajani, asijue azime au aache.

*

Baadaye aliomba kalamu. Alifungua daftari la Sayansi, na chini ya maneno *Mwombe baba Jumamosi* akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika vizuri uzeeni: *Jumamosi. Tumeufungua. Baba.* Akalifunga, akalirudisha ndani ya shati. Alitaka Atuganile alisome mwenyewe.

"Fundi," alimwambia Moses, "endelea na kazi iliyokuleta."

Moses alisita. "Mzee, una hakika? Naweza kuja siku nyingine."

"Si changu, kijana. Muulize mwenyewe."

Wote walimgeukia Tumpe. Mtoto alitazama kioo ambako wale wawili walikuwa wamekaa juu ya kilima, wakitazama anga, gemu likiwa limekwisha.

"Wameshafika?" alimuuliza mjomba wake.

"Wameshafika."

"Basi asafishe."

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Wiliam alikaa kibarazani na chai yake, akiona ukungu unavyopanda na mashamba yanavyojitokeza chini yake, na alishukuru kwa maneno yake mwenyewe, machache, yasiyofanana na ya kanisani. Gari la kwenda Tunduma lilikuwa linaondoka saa sita. Kama angewahi, angepata malori ya alasiri.

Alipoingia kuchukua koti, Moses alikuwa amekwisha kwenda. Magemu mapya yalikuwa yamejipanga kwenye kioo, lakini Tumpe alikuwa ameweka ile diski ya zamani. Ilikuwa inaanza mwanzo kabisa, mahali ambapo Kimondo anaanguka kutoka mbinguni. Mashine iliuliza jina la mchezaji wa kwanza. Aliandika *Tumpe*. Ikauliza la pili.

Hapo akasimama. Pedi ya pili ilikuwa mkekani karibu yake. Hakumtazama mjomba, hakumwomba kitu. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, na alijua watu wazima wana magari ya kuwahi.

Wiliam alisimama na koti mkononi. Kisha akalitundika tena kwenye msumari, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka.

"Andika Mjomba," alisema.